Mchuzi Uliogeuka Damu

SEHEMU YA TISA

"Damu!"

Ndivyo alivyopiga kelele Mama Benta Jumamosi iliyopita, mkono mmoja kwenye mlango wa jikoni, mwingine kifuani, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Wengine wenu mmeniandikia kwamba huo ni uchawi mtupu. Wengine mmeapa kwamba ni Lorine, yule wifi, ndiye aliyetia kitu sufuriani. Msomaji mmoja wa Pap Onditi ameniambia nikimtesa Nasike wiki moja zaidi ataacha kununua gazeti. Haya, tulieni. Hata mimi nimechoka na huyu msichana, lakini siwezi kumwacha pale na mwiko mkononi.

Kwa waliokosa gazeti, habari ni fupi. Nasike ni binti wa Bungoma, miaka ishirini na sita. Ameolewa na Cliff hapa Nyamasaria, mwaka wa nne huu. Miaka yote hiyo amekuwa akipika kwenye jiko la mama mkwe wake, Mama Benta, kwa sababu desturi ya boma hilo ni kwamba mke wa mtoto hapiki kwake mpaka mama mkwe amkabidhi jiko lake mwenyewe.

Na jiko lenyewe lipo! Liko nyuma ya nyumba, la mabati, limejengwa, limeezekwa, limepigwa kufuli. Ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso ya Mama Benta, na leso hiyo hata kanisani anakwenda nayo.

Sharti lilikuwa moja tu. "Siku utapika kuku wa mchuzi wa Kihindi kama ile ya hoteli," Mama Benta alimwambia, "ile ulikuwa unapika ukiwa kazi town, siku hiyo jiko ni yako."

Hapo ndipo balaa lilipolala. Cliff, siku ya kumtambulisha mchumba, alijigamba kwa mama yake kwamba Nasike ni mpishi katika hoteli ya Wahindi mjini Kisumu. Mpishi wapi! Nasike alikuwa anaosha sufuria na kumenya vitunguu kule nyuma, karibu na mapipa. Angeweza kukanusha siku ile ile. Hakukanusha. Alitabasamu, akala ugali wake, na uongo wa Cliff ukawa wake pia.

Sasa twende jikoni.

"Damu!" Mama Benta alirudia. "Nyar Bungoma, wewe binti wa Bungoma, umechinja nini kwa jikoni yangu?"

"Mama, si damu."

"Kama si damu ni nini? Mimi niko na macho!"

Nasike alitazama sufuriani. Alitaka kubisha, lakini angebisha na nini? Mchuzi ulikuwa mwekundu. Haukuwa ule wekundu wa nyanya unaoita watu mezani. Ulikuwa mwekundu mzito, wa kuelekea kahawia, na vipande vya kuku vimekaa ndani yake vibaya vibaya. Dakika tatu zilizopita haukuwa hivyo. Dakika tatu!

"Nimefuata kila kitu," alisema. "Kila kitu nimefuata!"

"Umefuata nani? Shetani?"

Sebuleni wageni walikuwa wamekwisha kuketi. Mama Opiyo wa kanisani na mwenzake, wote wawili wamevaa sare ya chama cha akina mama, na Mzee Odongo mwenyewe, baba yake Cliff, amenyoosha ule mguu wake uliovunjika mwaka wa mahari. Mama Benta alikuwa amewaalika wiki mbili kabla. Aliwaambia waje na njaa.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Lorine, dada yake Cliff, akaingia na bakuli la kachumbari. Akaona sufuria, akaziba mdomo.

"Ni wewe!" Nasike alimgeukia na mwiko. "Ni wewe, Lorine! Nilienda kuteka maji nikakuacha hapa peke yako. Umetia nini?"

"Mimi?"

"Wewe!"

"Mimi sikutia kitu! Mimi nilitoa. Nilitoa nyanya, nikakata kachumbari. Mama alisema nikate."

"Nyanya zangu zote?"

"Zilikuwa na jina lako?"

Yawa! Wale mnaompenda Lorine mtaniwia radhi, mdomo wake ungefaa kufungiwa stoo. Lakini sikilizeni alichosema baada ya hapo, kwa maana ndicho kilichobadilisha mambo.

"Badala uniulize mimi," Lorine alisema, "uliza hiyo chupa yako."

"Chupa gani?" Mama Benta akauliza.

Lorine akanyoosha kidole. Nyuma ya mtungi wa gesi kulikuwa na chupa ya soda ya plastiki, lebo imebanduka, ndani ina maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa. "Hiyo. Kila siku yeye hutoa kitu hapo akifikiri hakuna mtu anaona. Leo pia ametoa. Nimemwona na haya macho."

Mama Benta aliinama, akaiokota chupa kwa vidole viwili. Akafungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Kara," alisema polepole. "Kumbe ni hivyo. Hii ndiyo dawa. Ndio maana mtoto wangu nikimwambia kitu siku hizi hasikii. Ndio maana! Miaka nne unampikia Cliff dawa kwa jikoni yangu, na moto wangu, na sufuria yangu!"

"Mama, hiyo ni munyu!"

"Ni nini?"

"Munyu! Chumvi ya majivu. Ya kulainisha mboga. Mama yangu anaichuja nyumbani, anachoma mabua ya maharagwe, anapitisha maji kwa majivu. Ndiyo natia kwa kunde. Zile kunde unapenda, Mama! Zile unaniambianga nikuongeze!"

Mama Benta alitazama chupa, kisha akamtazama mkwewe. Kama mnamkumbuka kutoka sehemu ya tatu, mnajua huyu mama husifu kitu kimoja tu cha Nasike, nacho ni kunde.

"Kwa hivyo miaka nne," alisema, "mimi nakula majivu."

Lorine aliangua kicheko. Mama yake akamtupia jicho, kicheko kikafa.

Sasa niwaambie kilichotokea, maana wiki jana nilikificha makusudi.

Msifikiri Nasike hakujitahidi. Jumamosi sita mfululizo, Mama Benta akienda mazoezi ya kwaya, yeye alifunga mlango akapika. Mara ya kwanza maji yalikaa juu na vitunguu chini, kila kimoja kikashika njia yake. Mara ya pili bizari iliungua, akakohoa mpaka jirani akauliza kama kuna mgonjwa. Mara ya tatu alifuata video kwenye simu, yule mwanamke wa video anapika huku anacheka na sufuria yake haina hata doa, na Nasike akaishia na supu ya njano. Mara ya nne alilia. Mara ya tano alimlaumu kuku. Mara ya sita Cliff alionja, akafikiri, akasema, "Iko sawa, lakini hii ni ya nyumbani," na Nasike akamchapa na kitambaa cha sahani. Ya nyumbani! Nani aliomba ya nyumbani?

Ndipo akampigia Waswa, kijana wa kwao Bungoma, mpishi wa kweli katika ile hoteli ya mjini.

"Siri ni kitunguu," Waswa alimwambia. "Kitunguu kingi kushinda kuku. Chemsha, saga, kiive tena ndani ya mafuta na viungo, mpaka mtu akila asijue kuna kitunguu. Ukiona vipande, hiyo si ya hoteli."

Basi leo Nasike alimenya kilo mbili. Vitunguu si shida yake, alivimenya miaka mitano mjini. Aliazima blenda kwa jirani. Akachemsha, akapoza, akavitia ndani, akabonyeza.

Stima ikapotea.

Alibonyeza tena. Akachomoa, akachomeka. Akaipiga kofi. Vitunguu vikamtazama ndani ya ile blenda ya watu, vipande vipande, na nje geti lilikuwa linagongwa na wageni. Jamani, kuna siku mtu anaweza kukaa chini jikoni akaapa hatapika tena mpaka afe.

Lakini mkono wa mtu aliyekulia Bungoma, ukiona kitu kigumu kinakataa kulainika, haungoji ruhusa ya kichwa. Alivirudisha vitunguu kwenye mafuta. Akapeleka mkono nyuma ya mtungi wa gesi. Akamimina munyu, na si tone moja kama la kunde. Alimimina nusu kikombe.

Na vitunguu vikayeyuka! Ndani ya dakika kumi vilikuwa uji mzito, laini, unang'aa mafuta, kama anavyoviona Waswa kila siku ya Mungu. Nasike alicheza pale jikoni peke yake. Akatia saumu, akatia tangawizi, akatia kuku, akafunika. Akaenda kuteka maji. Aliporudi akafunua, akanyunyiza manjano, akakoroga mara tatu.

Mengine mnayajua.

"Mwaga," Mama Benta alisema. "Mwaga nje sasa hivi. Hata mbwa usimpe."

"Mama, kuku ni nzuri. Ni rangi tu."

"Nitawekea Mama Opiyo sahani ya damu? Mimi? Kanisa yote ijue kwa Mama Benta watu wanakula damu?"

"Nipe dakika chache. Tafadhali, Mama."

Mama Benta alishika pindo la leso yake, pale kwenye fundo la ufunguo, akalikaza zaidi. Nasike aliona. Alitaka kupiga mayowe.

Kutoka sebuleni sauti ya Mama Opiyo ikasikika. "Tuinamishe vichwa kabla hatujakula."

"Bahati yako," Mama Benta alinong'ona. "Huyu akianza kuomba si leo. Lakini akisema amina na hakuna kitu mezani, Nyar Bungoma, hiyo jiko utaiona kwa dirisha mpaka uzeeke. Lorine, kuja tuombe."

Wakatoka. Nasike akabaki na sufuria yake.

Alipiga simu. Ikalia. Ikalia. Ikakatika. Sebuleni Mama Opiyo alikuwa anawaombea wagonjwa. Nasike akapiga tena.

"Nini, dada?" Waswa alipokea, nyuma yake mabakuli yanagongana na mtu anafoka kuhusu meza ya sita. "Niko na watu hapa!"

"Waswa, imekuwa nyekundu."

"Nini imekuwa nyekundu?"

"Mchuzi! Ni kama damu. Wanataka kumwaga."

"Umetia nini?"

"Kitunguu, saumu, tangawizi, manjano."

"Na nini tena?"

Nasike akaitupia jicho ile chupa.

"Dada, na nini?"

"Munyu."

"Munyu gani?" Waswa akauliza. "Usiniambie ni ile ya kwetu. Ya majivu?"

"Stima ilipotea!"

Waswa alicheka mpaka akakohoa. Nasike aliing'oa simu sikioni akaitazama. Mtu anazama, mwenzake anacheka! Alitaka kuitupa ndani ya sufuria.

"Sikia, sikia," Waswa alirudi. "Manjano na majivu hazikai pamoja. Hujawahi kumwagia shati mchuzi? Ukiweka tu sabuni ya kipande, doa inakuwa nyekundu. Ni hiyo hiyo. Haijaharibika. Tafuta kitu chachu, itarudi."

"Kama nini?"

"Ndimu. Nyanya. Maziwa lala ndiyo nzuri, hata sisi hapa tunatia. Na upunguze moto, tia kijiko kijiko, maziwa yasije yakakatika. Ukiona mafuta imepanda juu..."

"Waswa! Meza ya sita!" mtu alifoka, na simu ikakatika.

Ndimu? Hakuna ndimu. Nyanya? Ziko kwenye kachumbari ya Lorine, zimelowa chumvi na pilipili. Nasike alifungua kabati, akafunga. Akafungua tena kana kwamba mara ya pili Mungu angekuwa ameweka kitu. Sebuleni Mama Opiyo amewamaliza wagonjwa, sasa alikuwa kwa wanafunzi wa kidato cha nne.

Kisha macho yake yakapanda juu ya rafu.

Kibuyu.

Kibuyu cha maziwa lala cha Mama Benta! Kila nyumba ina kitu ambacho hakiguswi, na katika nyumba hii ndicho hicho. Mama Benta hukiosha mwenyewe, hukijaza mwenyewe, na maziwa yake ni ya Mzee Odongo peke yake. Mwaka jana Lorine alikisogeza tu apanguse vumbi, akasemwa wiki nzima.

Nasike alisikiliza. "...na viongozi wetu, Baba, wape hekima..." Viongozi ndio huwa karibu na mwisho.

Akaburuta kigoda. Akapanda. Akanyoosha mikono miwili.

"Shusha mkono."

Mama Benta alikuwa mlangoni. Alikuwa ameacha maombi katikati.

"Umetoka dawa, sasa unataka kuniibia maziwa ya mzee wangu?"

Wapendwa, mtu huvumilia, huvumilia, halafu kitu kidogo kinamshinda. Nasike alikuwa juu ya kigoda, mikono hewani, macho yanawasha kwa kilo mbili za vitunguu, nyuma yake sufuria ya damu, mbele yake fundo la leso. Na miaka minne yote ikamtoka kwa mdomo mara moja.

"Sijui kupika hii kitu!" alilia. "Sijui, Mama! Sijawahi kupika hotelini hata siku moja. Niliosha sufuria! Miaka tano niliosha sufuria na kumenya vitunguu, na Cliff akakudanganya, na mimi nikanyamaza, na sasa nimejaribu mara saba na imenishinda! Nimechoka! Nataka tu pahali pangu pa kupika kunde zangu bila mtu kunichunga! Kama ni kumwaga, mwaga!"

Kukawa kimya.

Kimya chenyewe kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Nasike alichelewa kutambua kwa nini. Ni Mama Opiyo. Alikuwa amesita ili avute pumzi kati ya viongozi na mvua, na sebule nzima imesikia kila neno.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilichukua miaka minne, lakini ilifika.

Mama Benta aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Akavuta kigoda kingine, akaketi. Nasike alishuka polepole akangoja matusi.

"Nilijua," Mama Benta alisema.

"Ati?"

"Siku ya kwanza kukuja hapa, nilikupa ile sufuria yangu nyeusi uoshe. Sufuria mimi mwenyewe nilishindwa nayo. Ukairudisha inang'aa mpaka nikajiona. Mpishi gani anaosha sufuria hivyo? Nikasema, huyu mtoto ni wa kuosha. Nikangoja uniambie."

"Miaka minne, Mama?"

"Hata mimi nilichoka! Nikafikiria, wacha nimpe mtihani utamshinda, atasema ukweli. Wewe ukaanza kununua bizari!" Mama Benta alipiga paja lake kwa hasira. "Unafikiri nilitaka mchuzi? Kama mtu anaweza kunidanganya kwa jikoni yangu, nitampaje jikoni yake?"

Nasike alijifuta uso kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtoka, na safari hii hayakuwa ya vitunguu.

"...na mvua, Baba, utupatie kwa kipimo..." sauti ikaendelea sebuleni, haraka haraka kidogo.

"Sasa unalia nini na watu wana njaa?" Mama Benta alisimama, akanyoosha mkono mrefu, akakishusha kibuyu mwenyewe. Akakitikisa mara tatu, akachomoa kifuniko. "Nani alisema itie maziwa?"

"Waswa. Wa hotelini. Kijiko kijiko, alisema."

"Punguza moto basi. Lorine! Lete mwiko ingine!"

Kijiko cha kwanza kilizama, hakikufanya kitu. Cha pili, hakuna. Nasike alikuwa anahesabu kwa moyo. Cha tano, pale maziwa yalipoangukia pakatokea duara la njano. Lorine aliguna. Nasike akakoroga, na lile duara likatanuka, likala wekundu kutoka katikati mpaka ukingoni, mpaka sufuria nzima ikawa na rangi ya dhahabu iliyoiva, na mafuta yakaanza kupanda juu taratibu, yakang'aa.

"Nyasacha," Mama Benta alinong'ona. "Mungu wangu."

Akachota, akaweka kwenye kiganja, akalamba. Akafumba macho. Akalamba tena, na hiyo mara ya pili haikuwa ya kuonja.

"Hii si ya nyumbani," alisema.

Nasike alikaa chini palepale sakafuni, akacheka na kulia pamoja. Kisha akanyunyiza dania, na sebuleni Mama Opiyo akasema amina.

Walikula. Ningeweza kuwaeleza walivyokula lakini mtaumia bure. Mama Opiyo aliongeza mara mbili na hakuuliza lolote kuhusu aliyoyasikia, ijapokuwa macho yake yalikuwa yanauliza. Mwenzake alifuta sahani kwa chapati. Lorine alikula kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Cliff, ambaye alikuwa amerudi kutoka kazini wakati sahani zinapangwa, alikula kama mtu aliyekuwa anajua mambo yatakuwa hivi tangu mwanzo.

Mama Benta akasimama. Akaanza kufungua fundo la leso.

"Wageni wangu," alisema, "mmekula. Na mmesikia pia, najua, hii nyumba haina siri. Huyu chi wuoda, huyu mke wa mtoto wangu, amekaa kwa moto wangu miaka nne. Leo ameniambia ukweli, na leo amenipikia. Nasike, kuja hapa."

Hakumwita Nyar Bungoma. Alimwita kwa jina. Nasike alipita kati ya viti. Akapokea kwa mikono miwili, kwa heshima, na ufunguo ukagusa kiganja chake. Ulikuwa wa moto kwa kukaa kwenye leso. Mkono wa Mama Benta ulikuwa bado umeushika upande wa juu, maana alikuwa na maneno mawili ya baraka ya kumalizia.

"Kuna munyu humu."

Ni Mzee Odongo. Watu waligeuka, kwa sababu mzee huyu akila huwa hasemi. Alikuwa ameacha kutafuna. Alikuwa anaitazama sahani yake.

"Ndiyo, Baba," Nasike alijibu. "Kidogo tu."

"Ile ya mabua ya maharagwe." Mzee alichovya kidole, akalamba. "Imechujwa mara mbili. Watu wengi huchuja mara moja. Nani alikufunza?"

"Ni ya mama yangu, Baba. Yeye ndiye hunitumia."

Mzee Odongo hakuonekana kusikia. Uso wake ulikuwa umelainika, na hata Lorine, aliyezaliwa katika nyumba hiyo, hakuwahi kuuona uso huo.

"Mwaka wa tisini na nane," mzee alisema, "nikipeleka omena, hawa dagaa wetu, soko la Chwele kule Bungoma, kulikuwa na msichana alikuwa anatupikia. Kunde zake, yawa! Alikuwa anachuja mara mbili." Akatabasamu, Mzee Odongo, akatabasamia sahani. "Nabututu."

Jina hilo halikumwambia kitu Mama Benta, wala wageni. Nasike humwita mama yake Mayi, kama wanavyoita kwao. Wakwe humwita Mama wa Bungoma. Mama huyo hajawahi kukanyaga Nyamasaria, na siku ng'ombe za mahari zilipopelekwa Bungoma, walikwenda ndugu zake Mzee Odongo. Yeye hakwenda. Alikuwa amevunjika mguu wiki ile ile.

Lakini Nasike alilijua. Alimtazama mumewe, akaomba kwa macho, akaomba kwa moyo wote: Cliff, leo tu. Leo tu funga huo mdomo.

"Nabututu?" Cliff alisema, shavu limejaa chapati. "Si hilo ni jina la mama yako, Nasike?"

Mama Opiyo, anayejua kuombea kila kitu, aliweka kijiko chini.

Mama Benta alimtazama mume wake. Akautazama ule mguu wake ulionyooshwa chini ya meza, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Nasike, akaanza kumkagua uso, paji, masikio, kidevu, kama hajawahi kumwona.

Ufunguo ulikuwa bado katikati ya viganja vyao. Nasike alihisi vidole vya mama mkwe wake vikifunga juu yake, vikikaza.

"Nyar Bungoma," Mama Benta alisema, na sauti haikuwa yake, "wewe ulizaliwa mwaka gani?"